Nimepata kazi kwenye ejensi ya mitandao Nyali. Niichukue?

SWALI: Dada, assalaam aleikum. Mimi ni msichana wa miaka 24, naishi Likoni. Nilisomea biashara, na kwa miaka miwili nimekuwa nikiendesha ukurasa wa mamangu wa kuuza madera na leso. Sasa una wafuasi elfu sita. Ejensi moja ya Nyali, inayoendesha kurasa za mitandaoni za biashara za watu, imeniita: mshahara 35,000 kwa mwezi, nitashika wateja saba, majaribio miezi sita, na mkataba nimeambiwa utakuja "baadaye". Mamangu asema kushika simu siku nzima si kazi. Nataka kujua kazi yenyewe ikoje hasa, kama pesa hizo zafaa, na kama nitaruhusiwa kuendelea na ukurasa wa mama.

JIBU: Waaleikum salaam, mdogo wangu. Ichukue. Lakini usivuke feri kwenda kuripoti kabla hujaishika karatasi mkononi. Hilo la mkataba "baadaye" nitalirudia. Kwanza tuzungumze kazi yenyewe, maana umeanza na wafuasi elfu sita, na huko uendako wafuasi ni hesabu ya mwisho kuulizwa.

Nimeifanya kazi hii hapa Mombasa tangu 2012, enzi ambazo ukimtajia mteja "mitandao" adhani wamtengenezea tovuti. Nimepita ejensi tatu, moja ya Nairobi yenye tawi hapa na mbili za hapa hapa. Kitu kimoja ndicho kimenifunza kazi yote: ukiwa ejensi, wasema kwa mdomo wa mtu mwingine. Raha ya kazi iko hapo, na kila balaa nililopata lilitoka hapo.

Chukua ukurasa wa mama. Mtu akiuliza kama dera la maua ya buluu lipo la mtu mnene, wageuka tu ukamwuliza mama aliye chumba cha pili. Akisema lipo, wajibu. Akisema limeisha, wajibu. Ejensini mwenye mali, tuseme mwenye hoteli, yuko Bamburi, simu haishiki baada ya adhuhuri, na saa nne usiku mama mmoja wa Nairobi ameuliza kama chumba cha familia kina kitanda cha mtoto mchanga. Wewe hicho chumba hujakiona. Ukisema "ndiyo" na hakipo, atakuja na mtoto wake Ijumaa usiku baada ya safari ndefu, na atakayeandikwa vibaya mtandaoni ni hoteli. Ukinyamaza hadi asubuhi, ameshalipia kwingine.

Ndiyo maana wiki yako ya kwanza usiimalizie kwenye kompyuta. Omba uende kwa kila mteja ukakae naye nusu siku. Lala kwenye hicho kitanda ukiweza. Onja hiyo biriani. Uliza maswali yote ambayo wageni wameshawahi kuuliza, uyaandike pamoja na majibu yake: bei za msimu, saa ya kuingia na kutoka, kama jenereta ipo, kama nyama ni halali, kama kutoka stesheni ya treni ya Miritini kuna gari la kuchukua wageni. Mimi naliita daftari la mteja. Wenzangu wengi hutengeneza kwanza rangi na maandishi ya kupendeza, na daftari hawana. Halafu waona mtu ameuliza bei jioni, ajibiwa "tutakufahamisha".

Na kuhusu bei, nina neno. Huu mchezo wa "bei inboksi" wanaocheza wauzaji wa Pwani na Nairobi vilevile sijapata kuuelewa. Mtu ameona dera, amelipenda, auliza bei mbele za watu, halafu wamwambia akufuate chemba! Wanasema wanaficha kwa washindani. Mshindani atakutumia ujumbe kwa namba ya shemeji yake na bei ataijua baada ya dakika mbili. Unayemficha ni mnunuzi. Mimi wateja wangu nawaambia siku ya kwanza: bei juu ya picha, au basi angalau "kuanzia shilingi kadhaa". Wawili walikataa. Nilifanya nao kazi hivyo hivyo, lakini inboksi zao zilijaa "bei?" "bei?" "bei?", na kila mmoja alihitaji mtu wa kumjibu, yaani mimi.

Nikuonyeshe tofauti ya jibu na jibu. Mgeni ameandika Jumanne jioni: "Mna nafasi wikendi hii? Watu wazima 2, watoto 2." Jibu ninaloliona kila siku: "Habari, asante kwa kuwasiliana nasi. Tafadhali piga simu kwa maelezo zaidi." Huyu angetaka kupiga simu angepiga. Pengine yuko kwenye matatu amesimama. Jibu la kazi: "Habari. Nafasi ipo Ijumaa hadi Jumapili. Chumba cha familia ni 9,500 kwa usiku, kiamsha kinywa ndani yake. Watoto wana umri gani, nikuwekee kitanda cha ziada?" Hilo swali la mwisho ndilo linalomrudisha kuandika tena. Akijibu umri wa watoto, mwishowe ameshaanza kufunga mizigo.

Sasa, wateja saba. Piga hesabu kabla hujakubali. Kila mteja kwa kawaida hulipia machapisho kama 12 kwa mwezi. Saba mara 12 ni 84. Mwezi una siku za kazi kama 22. Ni karibu machapisho manne kila siku, kila moja na picha yake, maneno yake, na idhini ya mteja ambaye atasema "nitaangalia" kisha aangalie siku ya tatu. Hapo hujajibu ujumbe hata mmoja. Kama ejensi ina mchoraji wa kompyuta na mpiga picha, saba yawezekana kwa tabu. Kama wewe ndiwe mwandishi, mpiga picha, mhariri wa video na mjibu inboksi, waambie nne kwanza, na baada ya majaribio mzungumze tena. Usiogope kuuliza hilo kwenye mahojiano. Atakayekuona mjeuri kwa kuuliza idadi ya kazi, mapema afadhali umjue.

Kuhusu kusema kwa mdomo wa mtu, nikupe aibu yangu mwenyewe.

Mwaka mmoja nilikuwa na mkahawa wa biriani wa Mji wa Kale na baa moja ya upande wa Mtwapa, zote mbili kwenye simu moja. Mwezi wa Ramadhani, Alhamisi usiku, nimechoka, nikatuma tangazo la baa: bia mbili kwa bei ya moja, Ijumaa, njoo na rafiki. Nikaweka simu chini nikaenda kula daku. Niliporudi, tangazo lilikuwa limekaa dakika kumi na moja kwenye ukurasa wa mkahawa wa biriani, na chini yake maoni thelathini na kitu. Mmoja aliandika tu "Inna lillahi". Mwingine aliuliza kama biriani yaja na barafu.

Nilifuta, nikampigia mkurugenzi wangu, na asubuhi nikaenda mwenyewe kwa mzee mwenye mkahawa. Nilikuta ameshaonyeshwa na vijana wake. Alinikalisha, akamwita muuza kahawa, nikanyweshwa kikombe cha kahawa chungu katika mchana ule (nilikuwa na udhuru wangu na alijua, sijui alijuaje). Wala hakugomba. Aliniuliza kitu kimoja: "Hii simu yako, nani mwengine aishi humo?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo kila mteja wangu mwenye sauti inayogongana na mwengine nimemweka kwenye kifaa chake au kivinjari chake, na kabla ya kubonyeza natazama picha ya akaunti, nasema jina lake kwa sauti kama kichaa. Dada yangu hunicheka. Ejensi nzuri itakuwa na programu ya kupanga machapisho ambayo mtu wa pili huidhinisha kabla hayajatoka. Uliza kama ipo.

Mdomo wa mtu ni pamoja na lugha yake, na hapa wewe una mtaji ambao huenda huujui. Muuza mahamri na mbaazi mmoja alitaka bango lake la asubuhi liseme "Ndoo, kumekucha." Lilipopelekwa Nairobi kukaguliwa likarudi na alama nyekundu: sahihisha, "njoo". Kijana mmoja kule aliuliza kwa dhati nani atakwenda kununua mahamri na ndoo. Ikabidi nieleze kwamba Mmvita, mwenyeji wa Mombasa, husema ndoo, na husema ndia kwa njia, na mwenye duka hajakosea, yuko kwao. Tuliliacha. Watu wa Kibokoni na Kuze walilisambaza kwa nyanya zao. Lakini tangazo la hoteli linalokwenda kwa watu wa Nakuru na Eldoret usiliandike hivyo. Litachekesha tu bila kuuza. Ujue unamwita nani.

Halafu kuna ufupi. Wewe umekulia kwenye leso, na leso ina jina. Mtu aliyetunga jina la leso alikuwa na mstari mmoja wa kitambaa na jirani mmoja wa kumchoma, na alimchoma. Siku hizi vijana waniletea maelezo ya picha yenye aya tatu na vikaragosi vya emoji kumi na viwili. Ukikwama, shuka Mtaa wa Biashara usome leso zilizotundikwa. Sijapata mafunzo ya uandishi wa matangazo yaliyo bora kuliko hayo, na niliwahi kulipia.

Sasa hesabu, maana mwisho wa mwezi mteja hulipa kwa hesabu. Mwenye hoteli hataki kujua wangapi walipenda picha ya machweo. Kila mtu hupenda machweo. Chukua mfano: tangazo limetumia shilingi 10,000. Limeonekana mara 80,000, yaani shilingi 125 kwa kila mara elfu moja. Waliobofya 800, kila mmoja 12.50. Walioandika ujumbe WhatsApp 64, kila mmoja kama 156. Waliolipa chumba familia nne, kila moja imegharimu 2,500 kuipata. Kama kila familia imelala usiku mbili kwa 9,500, mwenye hoteli ameingiza 76,000 kwa tangazo la 10,000. Hiyo ndiyo ripoti: aya moja, na mzee ataielewa bila miwani.

Lakini usiishie kufurahia 76,000. Rudi kwenye wale 64. Sitini hawakulipa. Fungua mazungumzo moja moja. Mara nyingi utakuta kundi waliojibiwa baada ya saa tano, na kundi walioulizwa "unataka tarehe gani" ilhali tarehe walishaitaja. Pesa ya tangazo huwa imefanya kazi yake, imemleta mtu hadi mlangoni. Mlangoni hapakuwa na mtu. Ukiweza kumwonyesha bosi wako hilo ndani ya miezi mitatu, hakuna atakayekuzungumzia tena habari za majaribio.

Jambo la ufundi, kwa ufupi. Achana na kile kitufe cha kukuza chapisho kilicho chini ya picha. Jifunze meneja wa matangazo wa Meta, wenye Facebook na Instagram. Ukifungua utaulizwa lengo, na malengo yapo sita. Ukichagua mwitikio wa chapisho, mtambo utakutafutia watu wanaopenda kubonyeza "nimependa", na utapata hao hao. Ukitaka wanaoandika ujumbe, uliombe hivyo. Mtambo ni kama mtumishi mtiifu asiye na akili: atakuletea ulichosema. Na mahali pa kuonyesha tangazo pafikirie. Niliwahi kurithi tangazo la hoteli ya Shanzu lililokuwa likionyeshwa kwa watu wa Kisauni na Likoni pekee, eti kwa kuwa hoteli iko Mombasa. Mtu wa Kisauni ana kitanda chake Kisauni. Wanaolala Shanzu wako Nairobi.

Msimu nao una saa yake. Wageni hujaa Agosti na Desemba shule zikifungwa. Kuanzia Aprili hadi Juni, mvua za masika, hoteli huwa kimya na bei hushuka, na hapo ndipo pa kuwauzia Wakenya wenyewe. Tangazo la Agosti lianze Juni. Wateja watakuja Julai 25 wakitetemeka. Waandikie mapema, uhifadhi barua pepe. Ramadhani nayo husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hivyo usinakili ratiba ya mwaka jana. Watu wa Mji wa Kale na Majengo mwezi huo simu huzishika baada ya taraweh hadi daku. Chapisho la chakula la saa saba mchana utalitupa, na utatukanwa juu yake.

Picha za watu. Usilichukulie hili kama jambo dogo. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019, na ofisi ya Kamishna wa Data haina mchezo: 2023 ilitoza klabu moja shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwa hivyo ukitumwa ufukweni Mama Ngina Jumapili kupiga "watu wakifurahia", nenda na fomu ya ridhaa, hata ya mistari mitano, uwasainishe. Watoto wanaoruka majini ni picha nzuri kuliko zote, na ndiyo picha usiyoweza kuitumia bila mzazi. Vilevile muziki: akaunti ya biashara kwenye TikTok hairuhusiwi nyimbo zote zivumazo, ina maktaba yake. Kijana wako wa video atakuambia "wote wanafanya". Mwache afanye kwenye akaunti yake.

Nywila. Usipokee nywila ya mteja kwa WhatsApp, na wewe usimpe mtu yako. Mteja akuongeze kwenye akaunti yake ya biashara ya Meta kwa jina lako na kiwango cha ruhusa, siku ukiondoka aondoe jina lako, basi. Ejensi yangu ya pili ilifungulia mteja ukurasa kwa akaunti binafsi ya kijana mmoja. Kijana aligombana na wakubwa, akaondoka, na ukurasa wa miaka minne ukaondoka naye. Mteja alikuja ofisini akiwa na wakili. Hata namba za wanunuzi zihifadhi kwingine pia, kwa idhini yao: Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika zote kwa karibu saa sita, na siku ile nilikuwa na mteja mwenye oda za jioni za sinia za pilau ambaye wateja wake wote waliishi ndani ya WhatsApp. Alikaa na sufuria zake akitazama simu.

Na tangazo la mteja usililipie kwa M-Pesa yako. Tangu 2022 kuna kadi ya GlobalPay ndani ya M-Pesa, ni rahisi mno, wasema "nitarudishiwa kesho". Mimi nilitoa 18,000 kwa kampuni ambayo sitaitaja, nikarudishiwa baada ya miezi mitatu, kwa vipande, kama mwenye kudaiwa ni mimi.

Haya, pesa na karatasi. Sheria ya Ajira ya 2007 yataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, kwa hivyo "baadaye" halipo. Majaribio ya miezi sita ni halali, lakini ndiyo mwisho wake. Kuongeza mpaka wewe ukubali. Likizo ni siku 21 za kazi kwa mwaka, na angalau siku moja ya kupumzika katika kila saba. Hii siku ya saba iulize kwa jina lake, kwa sababu inboksi ya hoteli hujaa Jumamosi na Jumapili. Pawe na zamu iliyoandikwa. Bila zamu, simu ya Jumapili itakuwa yako milele kwa kuwa wewe ndiwe mgeni na huna mtoto. Nimesikia sababu hiyo kwa masikio yangu.

35,000 kwa mtu aliye na miaka miwili ya ukurasa wa nyumbani si haba, si nyingi. Kwa viwango vya 2025, ukiwa mwajiriwa utakatwa 2,100 ya NSSF, akiba ya uzeeni, 962.50 ya bima ya afya, 525 ya ushuru wa nyumba na kodi kama 1,853, ubakiwe na shilingi 29,559 hivi. Wakikuambia utalipwa kama mshauri wa kujitegemea, watakata kodi ya asilimia 5 tu upate 33,250, na utafurahi siku hiyo. Lakini NSSF yako haichangiwi, likizo huna, na hesabu ya kodi utaipeleka mwenyewe KRA kabla ya Juni 30. Uliza pia nani anunua bando na simu ni ya nani. Kushika wateja saba kwa simu yako na bando lako ni kukatwa mshahara kwa mlango wa nyuma. Na kwa kuwa watoka Likoni, omba siku mbili za kufanyia kazi nyumbani. Feri ni bure kwa mwenye kwenda kwa miguu, lakini saa uliyosimama foleni hakuna wa kukurudishia.

Ama mamako, usibishane naye. Mpe simu yako Jumamosi moja kutwa ajibu yeye ujumbe wa ukurasa wa madera. Ajibu kila mmoja, kwa adabu, na yule aliyeuliza bei mara tatu pia. Jioni mwulize kama hiyo ni kazi.

Na ukurasa wenyewe: mikataba mingi ya ejensi ina kifungu kinachokukataza kufanya kazi kama hiyo kwa mtu mwengine. Wala si dhuluma, wajilinda usiwachukulie wateja. Lakini kikisimama kilivyo, siku moja mtu akikukasirikia, madera ya mamako yatakuwa ushahidi. Kabla ya kusaini, waandikie barua pepe kwamba ukurasa huo, kwa jina lake, ulikuwapo kabla ya kuajiriwa, ni mali ya mamako, na utaendelea nao nje ya saa za kazi, nao wauandike ndani ya mkataba. Wakikubali, saini. Wakikataa, niandikie tena unieleze walivyosema. Na usiku huu, kabla ya yote hayo, ingia kwenye huo ukurasa. Nimeutazama: picha ishirini za mwisho hazina bei hata moja.